Kukaa Kitako Mbele ya Maumbile: Mwongozo Kamili kwa Mkazi wa Uganda

Mtu anayesafiri kwa teksi kutoka Kampala kwenda Jinja huupita msitu wa Mabira, wenye ukubwa wa takriban kilometa za mraba 300, kwa dakika chache tu, na mara nyingi kinachobaki kichwani mwake ni kuku wa kuchoma na gonja (ndizi za kuchoma) za soko la Najjembe. Hata hivyo, mwaka 2007 watu waliandamana Kampala kupinga mpango wa kufyeka sehemu ya msitu huohuo kwa ajili ya mashamba ya miwa. Tunaupenda msitu kiasi cha kuutetea, lakini wengi wetu hatujawahi kukaa ndani yake kwa saa moja bila kufanya kazi yoyote. Mwongozo huu unaeleza namna ya kukaa hivyo, ukianzia chini ya mti wa jirani na kuishia katika hifadhi za mbali, nao unasimama juu ya jambo moja: mshangao mbele ya maumbile humjia mtu anayekaa mahali pamoja kwa muda mrefu kuliko alivyozoea, kisha akarudi hapo tena na tena.

Wapo watakaouliza kama muda huo una faida yoyote inayoweza kupimwa. Mwaka 1984 mtafiti Roger Ulrich alichapisha katika jarida la Science matokeo ya kulinganisha wagonjwa waliofanyiwa upasuaji wa kibofu cha nyongo katika hospitali moja ya Pennsylvania, Marekani: wale ambao dirisha lao lilitazama miti walitoka hospitalini mapema na walihitaji dawa kali za maumivu kwa kiasi kidogo kuliko wale waliotazama ukuta wa matofali. Japani, kuanzia mwaka 1982, serikali imekuwa ikiwahimiza raia kwenda kutembea msituni polepole kwa ajili ya afya. Utafiti wa mwaka 2019 uliohusu watu wapatao 20,000 nchini Uingereza ulionyesha kwamba waliotumia angalau dakika 120 kwa juma katika mazingira ya asili walikuwa na uwezekano mkubwa zaidi wa kusema kwamba wana afya njema. Nimetaja haya kwa sababu yanasaidia kumshawishi mtu mwenye shughuli nyingi, ingawa kwangu mimi afya si sababu ya kwanza. Sababu ya kwanza ni kwamba viumbe hivi vipo, vinaishi maisha yao mita chache kutoka mlangoni petu, na ni hasara kubwa mtu kuishi miaka sabini kando yao bila kuvifahamu.

Kuchagua mahali

Anza na mahali unapoweza kufika kwa miguu. Mwembe wa uani, ukingo wa kinamasi chenye mafunjo, kijito kinachopita nyuma ya shule, au kichuguu kilicho pembeni mwa shamba la mihogo vinatosha kabisa, na kwa kazi hii ni bora kuliko hifadhi ya mbali ambayo utaifikia mara moja katika miaka mitano. Mkazi wa mjini naye hakosi pa kwenda: Bustani ya Mimea ya Entebbe, iliyoanzishwa mwaka 1898 ufukweni mwa Ziwa Viktoria, ina miti mikubwa yenye mbega weusi kwa weupe na hondohondo, na mlima wa Makerere una miti ambayo wale korongo wakubwa wenye vipara, wanaoitwa karoli, hujenga viota vyao juu kabisa.

Tafuta sehemu ambapo mazingira mawili yanakutana, kama vile msitu na shamba, au maji na nchi kavu, kwa kuwa viumbe wa pande zote mbili hupita hapo. Hakikisha kuna kivuli, na kuwe na kitu cha kuegemea mgongo, maana mtu asiyeegemea huanza kujigeuzageuza baada ya dakika kumi. Kama eneo ni la mtu, nenda kwanza ukamsalimu mwenye shamba na umweleze unachotaka kufanya. Ikiwa hujulikani kijijini, mpitie pia mwenyekiti wa LC, yaani baraza la kijiji, kwani mtu aliyekaa peke yake kando ya mashamba bila kuaga huzua maswali, na ukiwa katikati ya kuhojiwa hutatazama chochote.

Kando ya maji kuna tahadhari ambazo hazina mjadala. Usitumbukize miguu ziwani, kwa sababu kichocho huingia mwilini kupitia ngozi iliyo ndani ya maji. Mahali palipo na viboko, usikae ufukweni alfajiri wala jioni, kwa kuwa viboko hutoka majini usiku kwenda kula majani na humvamia mtu aliyewazibia njia ya kurudia. Mahali palipo na mamba, usisogelee ukingo hata kidogo. Mapango yenye popo nayo yaache: mwaka 2008 mtalii kutoka Uholanzi alifariki kwa ugonjwa wa Marburg baada ya kuingia katika pango la popo la msitu wa Maramagambo.

Saa na majira

Kwa kuwa Uganda imepitiwa na ikweta, jua huchomoza karibu saa ileile mwaka mzima, kati ya saa kumi na mbili na nusu hivi na saa moja kasoro, na hushuka karibu wima kuelekea upeo. Ndiyo maana machweo yetu ni mafupi: kutoka jua kuzama hadi giza kuingia huchukua dakika 20 na kidogo. Anayetaka kuona mabadiliko ya jioni awe ameshakaa nusu saa kabla ya jua kuzama. Akisubiri aone wekundu wa mawingu ndipo aanze kutafuta pa kukaa, atakuwa amechelewa.

Asubuhi ndiyo bora kwa ndege. Mchana wa jua kali ndege wengi hutulia, lakini vipepeo, kerengende na mijusi huwa katika kilele cha shughuli zao, kwa hiyo asiyeweza kuamka alfajiri asijinyime. Kuhusu majira, usiikimbie mvua. Misimu yetu miwili, ya Machi hadi Mei na ya Septemba hadi Novemba katika sehemu kubwa ya kusini mwa nchi, ndiyo inayoleta maua, wadudu na viota.

Kufika na kutulia

Vaa nguo za rangi zisizong'aa, zenye mikono mirefu kwa ajili ya mbu, na viatu vya kufunika kidole, au gambuti kama ardhi imelowa. Beba maji, kipande cha mkeka, daftari na kalamu. Simu izimwe kabisa au iachwe nyumbani. Kuiweka kimya hakutoshi, kwa kuwa mkono huifuata wenyewe. Kagua ardhi kabla ya kukaa, ukitazama hasa njia za siafu na mashimo.

Ukishakaa, yatarajie yafuatayo. Ndege walio karibu watakuwa wameshapiga kelele za hatari na kunyamaza, panzi nao watakoma, na mahali pataonekana pamekufa. Wengi huinuka hapo wakiamini kwamba hakuna kitu. Ukimya huo umesababishwa na kuwasili kwako, na huchukua dakika kumi na tano hadi ishirini hivi kuondoka, mradi usisimame wala kupunga mikono. Katika dakika hizo akili nayo itapiga kelele zake: ada za shule, mgonjwa, deni la dukani. Usipigane nayo. Yaache mawazo hayo yapite, na uipe akili kazi ndogo ya kufanya, kazi ya kusikiliza.

Fumba macho na uanze na sauti ya mbali kabisa unayoweza kuitambua, pengine bodaboda barabarani au jogoo wa kijiji cha pili. Kisha sogea karibu: upepo juu ya miti, ndege aliye mita thelathini, nyuki, na hatimaye mkwaruzo mdogo wa kitu kinachotembea chini ya majani makavu. Sikio likishazoea, sauti iliyokuwa moja huanza kuachana, na utagundua kwamba ulichodhani ni kelele ya ndege ni ndege wanne, wawili kati yao wakijibizana. Ndipo ufumbue macho. Kwa uzoefu wangu, mtu aliyetanguliza sikio huona mengi zaidi, kwa kuwa anajua tayari pa kuelekeza uso.

Kukazia macho kitu kimoja

Hii ndiyo hatua ninayoithamini kuliko zote, na ndiyo inayorukwa na wengi. Badala ya kuruka kutoka kiumbe kimoja hadi kingine, chagua kimoja na ukae nacho hadi kikushinde kwa uvumilivu. Mfano ulio rahisi kupatikana karibu kila wilaya ni mnana, yule ndege wa manjano mwenye kichwa cheusi anayening'iniza viota kwa makumi katika mti mmoja, mara nyingi karibu kabisa na nyumba za watu.

Mtazame dume. Huenda kwenye nyasi ndefu au kuti la mnazi, akauma ukingo wa jani, kisha akaruka huku ameung'ang'ania, na uzito wa mruko wake ukachana uzi mrefu wa kijani. Anarudi nao mtini na kuanza kwa kufunga pete moja ya wima kwenye ncha ya tawi. Pete hiyo ndiyo msingi wa kila kitu: anasimama ndani yake, na kutoka hapo anafuma mbele na nyuma kadiri mdomo unavyofika, akipenyeza uzi, akiuvuta upande wa pili na kuurudisha, hadi chumba kinakamilika na mlango unatazama chini. Hana mkono wala sindano. Ukiwa na darubini, hata ya bei nafuu, utaona jinsi anavyoushikilia uzi kwa mguu wakati mdomo unatafuta tundu la kuupitishia.

Kiota kikiisha, dume hujining'iniza kichwa chini mlangoni na kupigapiga mabawa yake kwa nguvu kila jike anapopita. Jike huingia, akavuta nyuzi za ndani kana kwamba anaupima uimara wake, na mara nyingi hutoka na kwenda zake. Kiota kilichokataliwa hukauka na kugeuka rangi ya kahawia, na ukirudi baada ya siku kadhaa unaweza kumkuta dume huyo akikifumua kwa mdomo wake mwenyewe ili ajenge kipya mahali palepale. Jike akikubali, huingiza majani laini na manyoya, kisha hutaga. Na hapo pana jambo linalostahili kufikiriwa kwa muda mrefu: mayai ya minana hutofautiana sana kati ya jike mmoja na mwingine, mengine meupe, mengine ya buluu na kijani, mengine yenye madoa, lakini kila jike hutaga ya aina yake ileile. Tofauti hiyo humsaidia kulitambua yai la kigeni na kulitupa nje, kwa sababu wako ndege wa jamii ya kekeo ambao huwapelekea minana mayai yao walelewe bure.

Hayo yote hutokea juu ya vichwa vya watu wanaosubiri basi. Kuyaona hakuhitaji elimu ya chuo. Kunahitaji asubuhi kadhaa chini ya mti mmoja.

Daftari

Andika tarehe, saa, hali ya hewa na ulichokiona, kwa maneno ya kawaida. Usijizuie kwa kutojua jina la kiumbe. Eleza ukubwa, rangi, sauti na tabia, na uchore hata kama mchoro ni mbaya, kwa kuwa mkono unaochora hulilazimisha jicho kuuliza maswali ambayo lisingeyauliza: mkia una mistari mingapi, jani limeshikana na kijiti kwa namna gani. Majina utayapata baadaye, na wazee wa kijiji mara nyingi wanayo kwa Kiganda, Kisoga, Kinyoro au Kiacholi, pamoja na habari ambazo hutazikuta penginepo. Usiandike ukiwa unatazama. Tazama kwanza, andika mwishoni.

Baada ya mvua

Mwanzoni mwa msimu, mvua nzuri inapokatika, nenda kwenye kichuguu. Utaona mchwa vibarua wakifungua matundu membamba ardhini, na askari wenye vichwa vikubwa wakijipanga kwenye kingo, taya zao zikiwa wazi. Kisha kumbikumbi huanza kutoka, kwanza mmoja mmoja, baadaye kwa wingi unaoficha ardhi, na vichuguu vya jirani hufunguka karibu wakati huohuo, jambo linalowawezesha wa kichuguu kimoja kuoana na wa kingine. Watu wa hapa wanaijua saa hiyo vizuri mno, kwani kumbikumbi ni chakula kitamu, na wapo wanaogonga vijiti juu ya kichuguu ili mlio wake uwatoe nje.

Chukua sahani yako, hakuna ubaya, lakini waache baadhi na uwafuate kwa macho wanapotua. Kumbikumbi hukunja mwili na kuyakata mabawa yake katika mstari ulioandaliwa tangu zamani, akayaacha chini kama maganda. Jike hutembea mbele, dume akamfuata nyuma akimgusagusa, wakaenda hivyo wawili hadi wapate udongo laini wa kuchimba. Wengi wao wataliwa na kuku, mwewe, vyura na siafu kabla ya jua kuzama. Wale wawili watakaofaulu kujifungia ardhini ndio mfalme na malkia wa kichuguu kipya, na wanaweza kuishi pamoja humo kwa miaka mingi.

Radi zetu ni kali, hasa maeneo ya kuzunguka Ziwa Viktoria. Ngurumo ikisikika, ondoka chini ya mti mrefu na uingie ndani ya jengo imara. Utarudi mvua ikiisha.

Usiku

Tafuta uwanja ulio mbali na taa, uende na mwenzako, na mwache macho yazoee giza kwa nusu saa hivi bila kuwasha tochi wala simu, kwani mwanga wa sekunde moja huyarudisha mwanzo. Nchi ya ikweta ina zawadi ambayo watu wa Ulaya hawana: kutoka hapa, kwa nyakati tofauti za mwaka, karibu nyota zote za anga huonekana. Kuanzia Aprili hadi Juni, yapata saa tatu usiku, elekea kusini utauona Msalaba wa Kusini, kisha geuka kaskazini utaziona nyota saba za Dubu Mkubwa, makundi yote mawili yakiwa juu ya upeo kwa wakati mmoja.

Watoto

Mtoto asifundishwe kwanza majina. Mpe mti mmoja uwe wake, umuulize kila juma ni kitu gani kimebadilika, na umwache yeye aamue wa kumtazama. Robo saa inamtosha mwenye miaka sita.

Ndipo safari za mbali

Mtu aliyekwisha kuzoea kukaa chini ya mwembe wake atapata katika hifadhi mambo ambayo mgeni mwenye haraka hayapati. Anza na kinamasi cha Mabamba, magharibi mwa Entebbe, kilichowekwa mwaka 2006 katika orodha ya Ramsar ya maeneo oevu yenye umuhimu wa kimataifa. Watu huenda huko kwa mtumbwi kumwona korongo-nyangumi, ndege wa kijivu mwenye kimo cha zaidi ya mita moja na mdomo mpana kama kiatu, ambaye husimama kimya kati ya mafunjo akimvizia kamongo anayepanda juu kuvuta hewa. Wengi humpiga picha na kumwambia mpiga kasia wageuze. Wewe mwambie, "Ssebo, tukae hapa kidogo," mkiwa mbali vya kutosha ili ndege asihame. Unaweza kungoja saa nzima bila kuona chochote zaidi ya kope lake likifumba, na ndipo ghafla akajitupa mzima mzima mbele, mdomo, mabawa na yote, akainuka na samaki pamoja na fungu la majani ambayo huyapepeta taratibu kabla ya kumeza.

Bwindi, hifadhi ya gorila wa milimani, ina sheria zinazokupangia muda: kundi lisizidi wageni wanane, saa moja tu pamoja na gorila, umbali wa mita 10, na barakoa usoni. Kwa sababu saa hiyo ni fupi na ni ghali, amua kabla ya kufika namna utakavyoitumia. Ushauri wangu ni kupiga picha dakika kumi za mwanzo, kisha kuifunga kamera na kumchagua gorila mmoja, ikiwezekana mama mwenye mtoto, na kutazama mikono yake jinsi anavyomenya shina na kuchagua kipande cha kula. Mwenye mafua asiende kabisa, kwani ugonjwa mdogo kwetu unaweza kuwaua wao.

Kwenye Maporomoko ya Murchison, ambako maji mengi ya Nile hujibana katika mwanya wa mita 7 hivi na kuanguka mita 43, magari huwashusha watu juu, wakapiga picha, wakaondoka. Omba ushushwe chini kwa mashua na upande kwa miguu pamoja na askari wa hifadhi. Utausikia mngurumo ukikua hatua kwa hatua, utaona povu likipungua kadiri mto unavyotulia nyuma yako, na utafika juu ukiwa umeshaelewa kwa mwili wako uzito wa maji hayo. Mweleze askari tangu mwanzo kwamba mtasimama mara nyingi ili apange muda wake, vaa viatu vyenye meno kwa sababu mawe ya karibu na maji huteleza, na ubebe maji ya kunywa ya kutosha, kwani njia ni ya kupanda na jua la bonde lile ni kali kuanzia saa nne.